Makao Makuu na Ngoma ya Mwenyeji

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Jiji la Dodoma wageni wamekuja, tena wamekuja kwa wingi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi katika uwanda huu wa kati ulipitishwa na TANU mwaka 1973. Safari hiyo ilikuwa ndefu, na kwa miaka mingi ilikwenda kwa mwendo wa kobe. Tangu mwaka 2016, hata hivyo, wizara zilianza kufungasha majalada na kuhamia moja baada ya nyingine, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Dodoma Mjini. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Katika muda wa miaka kumi mji umekaribia kuongezeka maradufu.

Leo tunapenda kuuliza swali ambalo halimo katika taarifa za mipango miji. Je, huyo mwenyeji naye amepona? Hatuulizi habari ya viwanja, barabara au maji, kwani hayo yana wasemaji wake. Tunauliza habari ya jioni. Mtumishi wa serikali anapofunga ofisi yake pale Mtumba, na mbunge wa kutoka Unguja au Pemba anapotoka katika kikao, huenda wapi kusikiliza muziki unaopigwa na watu walio hai, mbele ya macho yake, kwa vidole vyao na koo zao? Wengi watajibu kwamba hurudi nyumbani, huwasha runinga, na mwisho wa wiki hupanda gari kuelekea Dar es Salaam. Jibu hilo linatuhuzunisha, maana mtu huyo anaikimbia nchi yenye muziki ambao watu wa mbali wamevuka bahari kuja kuusikiliza.

Tuanze na muziki wenyewe, kwa faida ya wasomaji wetu wa visiwani ambao huenda hawajapata kuusikia ila katika sherehe za taifa. Wagogo, wenyeji wa uwanda huu, ni wafugaji na wakulima wa nchi kavu. Mvua yao huanza Desemba na kukoma Aprili, na baada ya hapo ni jua, vumbi na upepo. Nchi ya namna hiyo haiwapi watu vitu vingi vya anasa, bali Wagogo wamefanya anasa yao kuwa sauti. Wao huimba kwa sauti nyingi zinazopishana na kukutana, huyu akishika juu, yule chini, wa tatu akipita katikati, wala hakuna mwalimu aliyewaandikia karatasi. Wataalamu wa muziki wameeleza kwamba ngazi ya sauti zao inafuata sauti za asili zinazotoka ndani ya uzi mmoja unapotetemeshwa. Kwa hiyo mtu aliyezoea kinanda cha kanisani au udi wa taarab huweza kudhani mwanzoni kwamba kuna kitu kimepinda. Akivumilia kidogo atatambua kwamba hakuna kilichopinda. Ni sikio lake tu lililokuwa halijafika huko.

Muziki huo una aina nyingi. Upo nindo, uimbaji wa sauti nyingi ambao nguvu yake yote imo katika koo za waimbaji. Upo msunyunho, ambamo waimbaji hujipanga, wakaimba na kucheza kwa mwendo mmoja. Upo muheme, ngoma ya wanawake, ambamo akina mama hushika ngoma ndefu zilizobonyea kiunoni, wakazibana katikati ya miguu na kuzipiga kwa viganja huku wakicheza. Msomaji wa Unguja anayejua nguvu ya msondo na unyago atafahamu upesi kwamba muheme una asili ya namna hiyo hiyo. Ulihusiana na mambo ya wasichana kuingia utu uzima kabla haujatoka hadharani. Wanaume nao huvaa njuga miguuni na kutikisa mabega mpaka mtazamaji akashindwa kujua kama mabega ndiyo yanayofuata njuga au njuga ndizo zinazofuata mabega.

Katika vyombo, viwili ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwa karibu. Cha kwanza ni zeze, lenye kibuyu kilichowambwa ngozi na mpini uliofungwa nyuzi, kuanzia mbili hadi zaidi ya kumi, likapigwa kwa uta. Cha pili ni ilimba, ambayo wengine huiita marimba ya mkono: sanduku la mbao lililopangwa vijiti vya chuma, linalopigwa kwa vidole gumba. Fundi wa ilimba hutoboa tundu katika sanduku lake na kulifunika kwa utando mwembamba utokanao na buibui. Kila anapobonyeza chuma, utando ule hutetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki. Mtu asiyejua hudhani chombo kina kasoro. Kumbe mvumo ule ndio utamu wenyewe, na fundi hana raha mpaka ausikie.

Tumelitaja jambo hilo la mvumo kwa makusudi. Katika miaka ya 1970 vijana wa New York na London walianzisha muziki wa gitaa uitwao panki, nao walisifiwa na kulaaniwa kwa sababu waliyaacha magitaa yao yavume na kukwaruza badala ya kuyalainisha. Desemba 1973 ilifunguliwa katika mtaa wa Bowery, New York, baa moja nyembamba iliyoitwa CBGB. Mwenye baa hiyo aliweka sharti kwamba bendi ipigayo kwake ipige nyimbo zake yenyewe, isiige za wengine. Vijana wasio na majina wala fedha, wengine wakijua mikao mitatu tu ya vidole kwenye gitaa, walipanda katika jukwaa hilo dogo usiku baada ya usiku. Miaka mitatu baadaye, katika mwaka 1976, moto huo ulikuwa umeshashika London, na baada ya hapo ukaenea duniani.

Hatuwaombi wazee wa Chamwino wavae pini za nguo masikioni. Tunachotaka kionekane ni namna mambo hayo yalivyotendeka. Muziki ule haukuanza na ukumbi wa maelfu ya viti, wala na mgeni rasmi, wala na kamati ya maandalizi. Ulianza na chumba kidogo, kiingilio kidogo, siku zinazojulikana, na sharti la kupiga kilicho chako. Pale palipo na mambo hayo manne, muziki wa mji huota. Pale yanapokosekana, mji huweza kuwa na watu laki saba na ushei na usiwe na sauti yake.

Na hapa ndipo habari ya Mtera inapoingia. Bwawa la Mtera liko katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, takriban nusu ya njia kati ya miji hiyo miwili. Lilipokamilika mnamo mwaka 1980 halikujengwa kwa ajili ya kutoa umeme pale lilipo. Kazi yake ilikuwa kuyatunza maji ya masika ili mitambo ya Kidatu, iliyo mbali chini ya mto huo huo, isisimame wakati wa kiangazi. Kwa miaka kadhaa Mtera ilitunza tu, na taa zikawaka mahali pengine. Mwaka 1988 ndipo Mtera yenyewe ilipowekewa mitambo yake ya megawati 80, nayo ikaanza kuwasha.

Sisi tunaona kwamba uwanda wa kati, katika jambo la muziki, bado uko katika hali ya Mtera ya kabla ya 1988. Unatunza, na taa zinawaka kwingine.

Ushahidi upo. Kusini mashariki ya jiji la Dodoma iko Mvumi, na huko ndiko alikozaliwa Patrick Balisidya mwaka 1946. Kijana huyo alikwenda Dar es Salaam, na mwaka 1970 akaanzisha bendi ya Afro 70, moja ya bendi zilizowapa vijana wa miaka ile muziki wa gitaa la umeme wenye sura ya Kitanzania. Mwaka 1977 Afro 70 iliiwakilisha nchi katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi, FESTAC, kule Lagos. Baadaye Balisidya alikwenda Sweden na kurekodi santuri pamoja na bendi ya huko, Archimedes. Mwana wa Mvumi aling'ara Dar es Salaam, aling'ara Lagos, aling'ara Ulaya. Nyumbani kwao aliacha jina.

Ushahidi wa pili ni Hukwe Zawose. Huyu alikuwa Mgogo wa kijijini, mchungaji wa ng'ombe, aliyejifunza zeze na ilimba kwa wazee wake. Sifa zake zilimfikia Mwalimu Nyerere, akaitwa Dar es Salaam kutumikia sanaa ya taifa, na hatimaye akaweka makao Bagamoyo, ambako alipiga na kufundisha kwa miaka mingi. Sauti yake, iliyoweza kushuka chini kama ngurumo na kupanda juu kama ya mtoto, ilisikika katika majukwaa ya Ulaya, Asia na Marekani. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel wa Uingereza ilitoa santuri yake iitwayo Chibite. Alifariki Desemba 2003, na Agosti 2004 akafuatia Balisidya. Katika muda usiotimia mwaka mmoja uwanda wa kati ulizika wanawe wawili waliojulikana kupita wote katika muziki, na wote wawili kazi yao ya maisha walikuwa wameifanyia pwani.

Kizazi kilichofuata hakikuipindua njia hiyo. Msafiri Zawose, mwana wa Hukwe, alitoa mwaka 2017 albamu aliyoiita Uhamiaji, iliyochanganya zeze na ilimba na mitambo ya kisasa. Mwaka 2024 akina mama wa ukoo huo, Pendo na Leah Zawose, wanaojulikana kama The Zawose Queens, walitoa kwa Real World albamu yao Maisha. Tunawapongeza kwa moyo wote, na hasa tunafurahi kuona wanawake, ambao zamani katika bendi ya ukoo walikaa nyuma, sasa wamesimama mbele. Lakini hatuna budi kusema ukweli: mkazi wa Dodoma anayetaka kuwasikia watu wenye asili ya mkoa wake mara nyingi huona wepesi kuagiza santuri kutoka Uingereza kuliko kuwaona wakipiga mjini kwake.

Hatutaki msomaji adhani kwamba nyumbani hakuna kilichofanyika. Pale Chamwino, mashariki ya jiji, jirani kabisa na Ikulu, kipo kituo cha sanaa ambacho tangu mwaka 2009 kimekuwa kikiandaa tamasha la muziki wa Kigogo. Aliyeongoza juhudi hizo, Dakta Kedmon Mapana, ni mzaliwa wa huko na msomi wa muziki, ambaye mwaka 2022 aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Sanaa la Taifa. Tamasha hilo limekuwa likikusanya vikundi vya vijijini, vikundi vya wakulima ambao hushika jembe wakati wa mvua na zeze baada ya mavuno. Hakuna pazia kati ya mchezaji na mtazamaji. Mtu husimama ukingoni mwa duara, vumbi likimpanda magotini, na sauti huja kutoka pande zote kwa pamoja. Msomaji wa Zanzibar, aliyezoea kuketi katika kiti chake wakati wa taarab na kuinuka kwa adabu kwenda kumtunza mwimbaji, ataona hapa adabu ya namna nyingine: kumheshimu mwimbaji ni kumjibu, kwa makofi, kwa sauti, na kwa mguu kama mguu unakubali.

Basi ikiwa tamasha lipo, twalalamikia nini? Twalalamikia siku zinazobaki katika mwaka. Tamasha ni kama sikukuu, na hakuna nyumba inayokula sikukuu mwaka mzima. Wenzetu wa visiwani wanalijua jambo hili kuliko sisi, na wanaweza kutufundisha. Ikhwan Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na Culture Musical Club mwaka 1958. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zilizokipeleka Kiswahili chote katika masikio ya dunia, lakini kabla ya Bombay alikuwa ameimba katika nyumba za Unguja usiku baada ya usiku. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004 ndani ya Ngome Kongwe, lilikuta klabu zinazofanya mazoezi, watazamaji wanaojua kusikiliza, na chuo cha muziki, kile cha Nchi za Jahazi, ambacho kilikuwa kimefungua milango miaka michache tu kabla yake. Tamasha lilikuwa tunda. Mti ulikuwa umepandwa zamani.

Hata hivyo tunda hilo nalo liliwahi kuadimika. Mwaka 2016 Sauti za Busara haikufanyika kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Ikiwa jambo hilo liliweza kulipata tamasha lenye sifa Afrika nzima, katika kisiwa kinachopokea watalii kila siku, itakuwaje kwa vikundi vya Chamwino na Mvumi vinavyotegemea mwaliko? Kinga ya kweli ni kiingilio cha wananchi mlangoni, kidogo kidogo, wiki hata wiki. Mfadhili akiondoka, mlango unabaki.

Sasa tunageuka kwa watumishi wa serikali, nao tunaomba watuvumilie kama ndugu wanavyovumiliana. Serikali yetu haikuanza jana kujishughulisha na utamaduni. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipoingia katika kiti cha Urais, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akiwashangaa vijana waliojua kila mtindo wa dansi wa ng'ambo huku wakiwa hawazijui ngoma za kwao. Maneno hayo yalikuwa ya haki. Lakini wako watendaji walioyafahamu kwa upande mmoja tu, upande wa kukataza. Mnamo Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za Dar es Salaam. Vijana hawakutoka katika kumbi hizo wakaenda moja kwa moja kwenye muheme. Waliunda bendi zao. Mwaka 1970, mwaka ule ule wa Afro 70, Dar es Salaam ilipata bendi ya Sunburst, iliyochanganya roki na midundo ya kwetu, na ambayo mwaka 1976 ilitoa santuri yake ya Ave Africa ikiwa Zambia. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya London ilizikusanya rekodi zao na kuzitoa upya kama hazina. Kilichokatazwa jana huchimbuliwa kesho kama dhahabu, tena na mgeni.

Upande wa pili wa kazi ya serikali, ule wa kuwezesha, ulizaa matunda yasiyosahaulika. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978, ilianza chini ya shirika la umma la usafiri na teksi. Polisi, Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa, kila moja lilikuwa na bendi yake. Shirika lilinunua magitaa na vipaza sauti, mwanamuziki akapata mshahara, na wananchi wakapata mahali pa kwenda Jumamosi. Hatusemi mambo yote ya mpango ule yalikuwa mema. Wanamuziki wengi walizeeka bila kumiliki hata gitaa walilolipiga. Lakini umeme wa Kidatu, uliotokana na maji yaliyotunzwa Mtera, ulikuta kumbi zilizo tayari kuutumia.

Leo wizara zetu zina timu za mpira wa miguu na wa pete, na watumishi hukutana katika michezo ya SHIMIWI kwa ari kubwa. Ni jambo jema. Lakini je, ni wizara ngapi zilizohamia Dodoma ambazo zimewahi kukilipa kikundi kimoja cha muheme kipige katika bustani ya ofisi jioni moja kwa mwezi, bila mgeni rasmi? Maana desturi tuliyoizoea ni ya namna nyingine. Kiongozi anakuja; kikundi kinaitwa alfajiri; akina mama wanasimama juani; msafara unafika; ngoma inapigwa kwa dakika chache; mkono unapungwa; na shughuli inaendelea bila wao. Ngoma imegeuzwa kuwa zulia. Yeye anayeipiga hana hakika ya posho yake, na yeye anayeipigiwa hana nafasi ya kuisikiliza. Kwa namna hiyo tunawafundisha watoto wa Wagogo kwamba sanaa ya mama yao ni kazi ya kungojea magari.

Tunajua zipo hoja za kupinga, nazo hatuzidharau. Hoja ya kwanza ni kelele. Wakazi wana haki ya kulala, wagonjwa wana haki ya utulivu, na nyumba za ibada zina saa zake. Twakubali. Lakini muziki tunaouzungumzia hauhitaji kukesha. Zeze na ilimba ni vyombo vya sauti ndogo, na hata bendi ya magitaa huweza kuanza saa kumi na moja jioni na kumaliza saa nne usiku, mtumishi akawahi kazini asubuhi. Hewa ya Dodoma jioni ni ya baridi na kavu. Ni hewa iliyoumbwa kwa ajili ya uwanja wa wazi.

Hoja ya pili ni maadili. Wapo wazazi, na hasa ndugu zetu wengi wa visiwani, wasiopenda kuwapeleka watoto wao mahali penye pombe. Nao wana haki. Sisi twaona kwamba kosa letu kubwa limekuwa kulifunga jukwaa ndani ya baa, kana kwamba muziki hauwezi kusimama bila chupa. Ngome Kongwe ni uwanja wa serikali ambamo familia nzima huweza kuketi. Dodoma nayo inazo bustani na viwanja vya wazi, ikiwa ni pamoja na Nyerere Square katikati ya mji. Jukwaa la mbao, taa nne, vipaza sauti viwili na mikeka haliwezi kuishinda halmashauri ya jiji.

Hoja ya tatu ni fedha. Hapa tunajibu kwa ufupi. Hatuombi jengo jipya. Tunaomba mambo matano ambayo gharama yake kubwa ni nia.

Kwanza, iwekwe siku moja maalumu ya kila wiki ya muziki wa jukwaani katika uwanja wa wazi wa jiji, isiyoahirishwa kwa ajili ya mkutano wa mtu yeyote. Siku isiyojulikana haina watazamaji.

Pili, nusu ya kila jioni ipewe vikundi vya vijijini, kutoka Chamwino, Mvumi, na Mtera kwa wavuvi na wakulima wa pembezoni mwa bwawa. Na nusu ya pili ipewe bendi za vijana wa mjini na wa vyuo, kwa sharti moja tu, wapige nyimbo zao wenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina maelfu ya vijana. Haiwezekani kwamba miongoni mwao hamna walioshika gitaa wakakosa pa kulipigia. Kijana wa gitaa na mzee wa ilimba wakikaa nyuma ya jukwaa moja kungojea zamu, watasikilizana wenyewe bila semina.

Tatu, vibali vya muziki wa namna hii vitolewe katika dirisha moja, kwa ada ambayo kikundi cha wakulima kinaweza kuilipa.

Nne, kila ofisi ya umma inayokiita kikundi kupokea wageni iandikiane nacho mkataba, hata wa ukurasa mmoja, wenye saa, malipo, usafiri na kivuli. Ofisi isiyoweza kulipa isiite.

Tano, na hili ni la watumishi wenyewe: anunue tiketi yake. Kiongozi anayeingia bure na ujumbe wake wa watu kumi anadhani ameupa muziki heshima, kumbe amekula mbegu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani tunalo neno la mwaliko. Wabunge wenu huja Dodoma kwa vikao vya Muungano, na watumishi wenu huja kwa kazi. Njia nayo imefupishwa. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma kwa muda wa takriban saa nne. Mtu anaweza kuondoka Bandari ya Malindi kwa boti ya asubuhi na jioni akawa amesimama ukingoni mwa duara la ngoma uwandani. Tungependa kuona siku ambayo kikundi cha taarab kinakuja Dodoma kupiga kwa wiki nzima, na kikundi cha nindo kinakwenda Unguja na Pemba kwa wiki nzima, si kwa ajili ya sherehe bali kwa ajili ya kusikilizana. Fidla na qanuni zina mengi ya kuambiana na zeze. Muungano umeandikwa katika sheria. Ungefaa pia usikike katika nyuzi.

Na kwa wakubwa wa mipango tunaongeza onyo moja. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akazihifadhi sauti za Wagogo wa wakati ule. Baada yake wamekuja watafiti wengine kutoka Ulaya, nao wametoa vitabu na filamu. Tunawashukuru. Lakini rekodi hutunza sauti tu, haizai mpigaji. Kijana hajifunzi ilimba kutoka kwenye kabati la makumbusho. Hujifunza akiwa ameketi karibu na mtu anayeipiga kwa raha na kulipwa kwa haki. Kila mwaka wazee wanapungua. Fundi wa ilimba anapofariki bila mwanafunzi, hakuna bajeti ya mwaka ujao itakayomrudisha.

Mtera ilichukua miaka minane kutoka kuwa ghala la maji ya wengine hadi kuwa mtambo unaowasha taa. Haikubadilishwa na hotuba. Walikuja mafundi, wakaweka mashine pale pale yalipo maji. Makao makuu ya nchi yamekaa mahali penye muziki wa kutosha kuwasha mji mzima, na mashine inayotakiwa ni jukwaa dogo, siku inayojulikana, na mtumishi mmoja mwenye mamlaka atakayetia sahihi. Tunamwomba mtumishi huyo, popote alipo katika ofisi za Dodoma, asingoje mgeni rasmi.